Zéphyrin Bado Anaandika

Nsambya, Kampala
9 Desemba 2023

Baba mpenzi,

Pokea salamu za watu wanne wa nyumba hii, na moja ya ziada kutoka kwa mpangaji mwenzetu Nangila ambaye hakujui lakini anakusalimu kila mara. Mguu unaendeleaje? Unakula? Usiku huko kambini baridi imepungua? Sisi tuko wazima. Mkweo Pitshou anatengeneza friji za watu kama kawaida, mimi nashona, na joto la siku hizi linampa yeye kazi kuliko mimi.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu mara ya mwisho kwenye simu nilikuuliza habari za mguu ukanijibu habari za maharagwe. Usikasirike, Baba. Najua masikio yamechoka. Erinayo, kondakta wa basi la Mbarara anayesali nasi hapa, ameahidi kuzifikisha barua zangu kwa katekista wenu wa Nakivale na kurudi na zako.

Neno lenyewe ni hili. Shule zimefungwa na ripoti za mapacha ninazo mkononi. Blaise amepita kwenda darasa la tatu, na mwalimu amemsifu mpaka nafasi ya kuandikia ikamwishia. Zéphyrin wanataka arudie la pili. Baba, mtoto ana miaka minane na hasomi. Sisemi anasoma vibaya. Hasomi. Neno analolijua leo, kesho analitazama kama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

Tulimpeleka hospitalini hapa mlimani wakampima macho na masikio. Mazima. Daktari akacheza naye, akamwuliza hili na lile, kisha akatuambia mtoto ana akili zake, ila anajifunza polepole kuliko wenzake, tusimsukume. Tulipotoka nje Pitshou akaniuliza, "Polepole mpaka lini?"

Hapa Waganda wananiita Nnalongo, yaani mama wa mapacha, na ni jina la heshima. Wanasema mapacha hawatenganishwi. Ukimpa mmoja shati, mwingine naye umpe. Pitshou ameshika neno hilo hilo. Na linalomuuma zaidi ni kwamba Zéphyrin ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Mkubwa abaki, mdogo apite? Isitoshe, amebeba jina lako.

Wewe ulikuwa direkta wa shule Bukavu tangu mimi sijazaliwa. Umeona watoto wa kila namna. Niambie nifanye nini, nami nitafanya.

Binti yako,
Esperance


Nakivale
28 Desemba 2023

Binti yangu Esperance,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako. Mimi niko mzima. Mguu unalalamika asubuhi, ikifika mchana unasahau. Maharagwe yamezaa vizuri, kwa hiyo jibu langu la simu halikuwa la bure. Noeli tulisherehekea kwa wali na kuimba, ingawa mimi kuimba nilifuata midomo ya watu tu. Msalimie Pitshou. Mwambie friji ni kazi nzuri, aishike.

Barua yako nimeisoma mara mbili na miwani na mara moja bila miwani. Jibu langu ni fupi: somo yangu hatarudia darasa. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kurudia, na mwenye jina langu hatakuwa wa kwanza. Nenda kwa mkuu wa shule, omba, bembeleza, mtoto aingie la tatu na mwenzake.

Halafu fanya kazi. Mtoto asiyesoma ni mtoto ambaye hajakalishwa. Kila jioni kabla ya chakula, mezani, ba be bi bo bu, mpaka ziingie. Asiinuke zisipoingia. Mpira ufungie kabatini. Blaise asikae karibu, maana pacha ataanza kumnong'oneza. Ukiona machozi usilegee. Wewe mwenyewe ulilia kwa jedwali la saba, na leo unapima vitambaa vya watu bila kukosea.

Huyo daktari ni mtu mwema bila shaka, lakini darasa hajalishika hata siku moja.

Nakungoja na habari njema.

Baba yako,
Zéphyrin


Nsambya, Kampala
24 Machi 2024

Baba mpenzi,

Salamu za upendo. Nimesikia kwa Erinayo kwamba mvua huko imeshuka na kwamba ulikohoa wiki nzima. Umepata dawa? Nimempa mfuko wa chai na sweta niliyokushonea. Kola itakubana kidogo, nilikadiria shingo yako kwa kumbukumbu. Sisi mwilini hatujambo.

Nilifanya yote uliyoniagiza. Mkuu wa shule alikataa, Pitshou akarudi tena kumbembeleza, mwishowe akakubali. Wote wawili wakaingia la tatu na sare mpya. Jioni nikamkalisha mezani. Mpira nikaufungia.

Mwezi wa kwanza alilia. Nikashika neno lako, sikulegea. Mwezi wa pili akaacha kulia, nami nikafurahi, nikadhani zimeingia. Kumbe amejifunza kunyamaza. Anakaa, anatazama ubao, mdomo ameufunga. Ukimwuliza hii ni herufi gani anakutazama wewe usoni, anatafuta jibu usoni kwangu, Baba, siyo ubaoni. Na kitandani ameanza kukojoa, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Asubuhi anakunja shuka mwenyewe na kuificha.

Lakini sijafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Juzi shule iliniita niende. Mwalimu wa la tatu akaniwekea mbele karatasi mbili za mtihani. Ya Zéphyrin ni tupu. Nilijua. Ya Blaise nayo ni tupu! Blaise, Baba, anayesoma mpaka maandishi ya mfuko wa unga. Amekaa mtihani mzima ameandika jina tu.

Nilimshika mkono tukaenda kando ya uwanja.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Maswali yalikuwa magumu?"

"Hapana, Mama. Yalikuwa rahisi."

"Sasa?"

Akachora chini kwa kidole cha mguu. "Nikishindwa na mimi, watatupeleka wote nyuma. Huko Zéphyrin atakuwa anajua."

Nilikaa pale pale kwenye majani na gauni langu la kanisani. Sikumpiga, sikumgombeza. Nilimwambia tu arudi darasani. Pitshou nilipomweleza akaacha chakula, akatoka kwenda kutembea.

Kwa hiyo nilikuwa na mtoto mmoja mwenye shida, sasa ninao wawili. Naona giza. Nifanyeje?

Binti yako,
Esperance


Nakivale
7 Aprili 2024

Binti yangu,

Neema kwenu. Kikohozi kimekwisha. Sweta ni nzuri, kola nimeifungua kifungo kimoja.

Usifanye lolote. Acha masomo ya jioni, nimesema mimi. Shule zikifungwa mwezi wa Mei mlete Zéphyrin hapa kwangu, peke yake. Blaise abaki awe Blaise kwa muda. Nitamfundisha mwenyewe. Wewe ni mama, na mama akifundisha moyo unamtangulia mkono.

Usisahau kumfungia nguo za baridi.

Baba yako,
Zéphyrin


Nakivale
20 Mei 2024

Binti yangu Esperance,

Barua hii anakuletea Zéphyrin mwenyewe, nimemtilia mfukoni. Natumaini safari haikuwachosha, wewe na yeye. Ukifika nyumbani uipumzishe miguu kwanza ndipo usome, maana nimeandika mengi na mwandiko wangu si ule wa zamani. Msalimie Pitshou, na mpe Blaise mkono wangu.

Siku ulipomwacha hapa nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojua. Ubao, chaki, na fimbo ya kuelekezea. Fimbo haikumgusa, usiogope, ila niliigonga mezani. Tulifanya ba be bi bo bu asubuhi, tukafanya na jioni. Mtoto akafunga mdomo kama ulivyoandika. Nikapaza sauti. Unajua mtu asiyesikia vizuri hupaza sauti bila kujua, na majirani baadaye waliniambia walidhani nagombana na mwizi.

Siku moja katikati ya juma nilikasirika, nikamfukuza ubaoni. Akatoka. Nikabaki na chaki yangu. Jirani mmoja, Odero, akapita dirishani akaniambia jambo. Sikusikia. Nikamwuliza. Akarudia kwa haraka ile ile. Nikamwuliza tena, akapunga mkono hewani, "Basi, mzee, si kitu," akaenda zake. Ndivyo wanavyonifanyia wote siku hizi, binti yangu. Sijakuandikia kwa sababu si habari ya kuandika. Husema neno mara moja, mara ya pili hukasirika, ya tatu hucheka au huondoka. Kanisani nakaa mbele na bado narudi nyumbani bila kujua katekista amehubiri nini.

Zéphyrin alikuwa amekaa kizingitini akaona yote. Akaingia, akavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. Akanishika mkono nimtazame. Halafu akaniambia neno moja moja, mdomo wazi, "Babu, anasema, maji, yamekuja, bombani." Sikushika. Akaanza upya. Sikushika tena. Akaanza upya tena kwa uso ule ule, hakuna haraka, hakuna kucheka, mpaka nikaelewa. Nikamwuliza, "Wewe huchoki kurudia?" Akatikisa kichwa. Akasema, "Babu, wewe husikii haraka. Mimi sisomi haraka."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayekwambia wewe na mimi tunatoka kijiji kimoja.

Tulichukua madumu tukaenda bombani. Fimbo nilimpa Odero afungie mbuzi.

Tangu hapo tulisoma kwa namna nyingine. Herufi moja, na tukikaa nayo siku mbili au nne, tulikaa. Tuliitafuta kwenye magunia, kwenye milango, kwenye khanga za akina mama wanaopita, nao wakashangaa babu na mjukuu wanawakodolea macho. Asipoijua kesho yake, tulianza upya, na sikupaza sauti. Nisiposikia mimi, alianza upya yeye. Shuka zake, nikueleze, zilikuwa kavu tangu juma la pili.

Sasa nisikilize. Usitarajie kwamba nimekurudishia msomaji. Anajua herufi chache tu, na baadhi yake zitapotea kabla ya Mbarara. Lakini zile anazozijua ni zake. Mrudishe darasa la pili. Nakuomba, na nikihitajika kukuamuru, nakuamuru. La tatu ni mbio ambazo miguu yake haijazifikia. Mwambie Pitshou ni mimi niliyesema.

Babu wa mapacha, baba yako,
Zéphyrin


Nakivale
14 Julai 2024

Binti yangu,

Salamu za Bwana. Mimi sijambo, maharagwe hayajambo, Odero na mbuzi wake hawajambo. Erinayo amekuja na kurudi mikono mitupu zaidi ya mara moja. Nikamwuliza kama mnaumwa. Akaniandikia kwenye karatasi: hawaumwi.

Basi umenikasirikia. Sikulazimishi. Andika ukiwa tayari.

Baba yako,
Zéphyrin


Nsambya, Kampala
1 Septemba 2024

Baba mpenzi,

Salamu nyingi na msamaha kwa kimya. Mguu? Kifua? Usinijibu "sijambo" tu, nieleze. Sisi tuko wazima, na ukisoma mpaka mwisho utaona tuko wazima kuliko tulivyokuwa.

Nilikukasirikia, kweli. Ulisema katika ukoo wetu hakuna aliyerudia, nikaenda kujidhalilisha mbele ya mkuu wa shule kwa neno hilo. Miezi mitano baadaye unaniambia nirudi kwake nikaombe kinyume chake. Pitshou alisoma barua yako akaikunja bila kusema kitu, na Pitshou asiposema ndiyo amekataa. Tukamwacha la tatu. Tulijiambia likizo imemsaidia, atashika mwendo.

Sasa sikia alichokifanya mjukuu wako. Mwezi wa saba nikaitwa shule. Nikajua ni Blaise tena na karatasi tupu. Nilipofika nikapokelewa na Mwalimu Adero, mama mmoja mnene wa darasa la pili, mwenye sauti ya chini mpaka unainama kumsikiliza. Akaniambia, "Nnalongo, nilitaka kukuomba ruhusa. Nimechelewa kidogo."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya mtoto aliyehamia kwangu."

Baba, Zéphyrin alijihamisha mwenyewe! Asubuhi moja kengele ilipolia alimsindikiza Blaise mpaka mlango wa la tatu, akamwambia, "Wewe ingia, mimi nipo hapo chini," akashuka ngazi akaingia darasa la pili na kukaa benchi la nyuma. Mwalimu Adero akamwuliza amepotea? Akasema hapana, nimekuja. Akamwacha. Kesho yake akaja tena. Walimu wawili wakazungumza, wakakubaliana wasimwondoe kwanza waone, na mkuu wa shule hawakumwambia.

Nilitaka kukasirika. Mwalimu akaniambia nisimame dirishani bila kuonekana. Nikasimama. Watoto walikuwa wanasoma maneno ya ubaoni mmoja mmoja. Zamu ilipomfikia Zéphyrin nilishika nondo za dirisha. Hakuwa anatazama uso wa mwalimu. Alikuwa anatazama ubao. Akakaa kimya muda mrefu, mimi huku nje nikataka kulisema lile neno kwa niaba yake, lilikuwa neno la herufi tatu tu. Mwalimu alipanga chaki zake kama mtu mwenye siku nzima. Kisha Zéphyrin akasema, "Mango, embe lile la Kiingereza... hapana. Ni mat. Mkeka." Ndilo lilikuwa lenyewe. Watoto hawakumpigia makofi, wakaendelea na mwingine, kama kwamba ni jambo la kawaida mtoto wangu kusoma. Nililia kwa sababu hawakumpigia makofi. Sijui kama nitaeleweka.

Jioni nikamweleza Pitshou. Alikuwa anafungua mota ya friji, akaendelea kufungua skrubu. Nikangoja. Akasema, "Alishuka ngazi mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Hakuna aliyemtuma?" Hakuna. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mimi nikiwa na miaka minane nisingethubutu." Kesho yake asubuhi alikwenda yeye, siyo mimi, kumwambia mkuu wa shule kwamba wazazi wameridhia.

Aliyelia ni Blaise. Alisema sasa nani atamwangalia. Zéphyrin akamwambia, "Sijaenda Kongo. Nipo chini yako tu, ukigonga sakafu nitasikia." Walimu wa la tatu wanasema siku za mwanzo kulikuwa na kugonga sakafu sana. Sasa kumepungua, na karatasi za Blaise zimejaa tena.

Nangila alikuja kunionya kuhusu kutenganisha mapacha. Nilimpa chai, nikamwambia wanalala kitanda kimoja na wanagombania blanketi moja, watenganishwe vipi zaidi?

Mpira umetoka kabatini.

Binti yako,
Esperance


Nakivale
20 Oktoba 2024

Binti yangu Esperance,

Amani kwenu. Umesema nisijibu "sijambo" tu. Basi: mguu umevimba kifundoni, nimepewa dawa ya kupaka, inanuka, majirani wananipisha njia. Kifua kizuri. Usingizi mzuri. Nimekonda kidogo, sweta sasa inafungika.

Barua yako niliisoma, nikaenda kuisoma tena nyuma ya nyumba ambako hakuna anayeniona. Mwambie Pitshou nampa mkono. Kwa Mwalimu Adero sina la kumwambia ila shukrani. Yule ni mwalimu. Kupanga chaki! Nilishika darasa muda wote ule na sikuwahi kufikiria kupanga chaki.

Hapa mtu mmoja aliyefundisha nami Bukavu alipita kunisalimu. Akaniuliza somo yangu yuko darasa gani, nikamwambia la pili. Akahesabu miaka kwa vidole, akanitazama. Nikamwambia tena, kwa sauti, maana nadhani siku hizi hata yeye hasikii: la pili, na anaendelea vizuri. Tukazungumzia mengine.

Niandikie wakimaliza mwaka.

Baba yako,
Zéphyrin


Nakivale
19 Januari 2025

Binti yangu,

Heri ya mwaka mpya, kama imefika salama huko kwenu. Kifundo kimepona.

Shule zilifungwa mwezi wa kumi na mbili. Noeli ikapita. Barua hakuna. Nilimwuliza Erinayo kama umenikasirikia tena. Akacheka, akaniandikia kwenye karatasi: "Barua ipo, mzee. Haijaisha." Nikamwandikia: barua gani hiyo isiyoisha tangu Desemba? Akacheka tena akapanda basi lake.

Kama kuna jambo baya limempata mmoja wenu, niambieni. Mimi ni mtu mzima, nitalibeba. Kama Zéphyrin amerudishwa tena, usione aibu kuniandikia. Hakuna aibu.

Nangoja.

Baba yako,
Zéphyrin


Nsambya, Kampala
17 Februari 2025

Baba mpenzi,

Salamu, na salamu, na salamu tena, maana tunazo za miezi mingi. Tumefurahi kifundo kimepona. Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyekukasirikia, na usiku huu ulale vizuri.

Barua niliyotaka kukutumia niliimaliza wiki ile ile shule zilipofungwa. Ilikuwa fupi: Blaise amepita kwenda la nne, Zéphyrin amepita kwenda la tatu. Kapita kwa shida, kwenye hesabu vizuri, kwenye kusoma kidogo, na Mwalimu Adero ameandika chini ya ripoti, "Asiharakishwe." Niliiweka mezani nimsubiri Erinayo. Zéphyrin akaiona, akauliza ni ya nani. Nikasema ya Babu. Akasema na yeye anataka kuandika.

Blaise akaja mbio, "Niambie unachotaka, nikuandikie." Zéphyrin akafunika karatasi kwa mkono. "Hapana. Mimi."

Basi akaanza. Aliandika herufi, akaifuta mpaka karatasi ikatoboka. Tukampa nyingine. Erinayo akaja kuchukua, nikamwambia bado. Siku nyingine aliandika neno zima, akalisoma, akasema hili si lenyewe, akatoka kucheza mpira. Sikumwita. Siku kadhaa hakuigusa kabisa, nami nikawa nimesimama na sindano mkononi nasema moyoni, ninyamaze, ninyamaze. Erinayo akaja tena. "Bado anaandika?" Bado. Pitshou ndiye aliyesema barua haitoki nyumba hii bila mstari wa mtoto, hata ikifika Pasaka. Barua yako ya wasiwasi ilipofika nilitaka kukutumia jibu haraka, Baba, nikakuonea huruma kweli. Nikamwambia Zéphyrin, Babu anangoja. Akafikiri. Akasema, "Babu anajua kungoja."

Nikarudi kwenye cherehani.

Blaise ndiye aliyepata taabu kuliko sisi sote. Alikuwa anakaa upande wa pili wa meza, anaona herufi inayokosekana, midomo inamcheza. Siku moja aliziba mdomo kwa mikono yote miwili akatoka nje kukimbia kuzunguka nyumba. Aliporudi herufi ilikuwa imeshaandikwa, na yenyewe sawa.

Shule zimefunguliwa. Kila mmoja yuko darasani kwake na hakuna anayegonga sakafu. Jana baada ya kanisa Zéphyrin alikaa mezani, akaandika, akaweka kalamu chini, akasema, "Nimemaliza," akaomba chakula. Erinayo anapita alasiri hii kuichukua, na safari hii sitamrudisha.

Inabidi nikueleze kitu kabla hujausoma mstari wake, usije ukachanganyikiwa. Alipoanza kuandika, jino lake la juu lilikuwa limeng'oka jana yake, na hiyo ndiyo habari aliyotaka kukupa. Miezi imepita. Jipya limeshaota pale pale, limejaa, linatafuna mahindi. Nilimwuliza kama anataka kubadilisha habari. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akausoma mstari wake pole pole kwa kidole, akasema hapana, bado ni kweli. Jina ameliandika anavyolisikia, nimeliacha hivyo.

Binti yako,
Esperance

BABU JINO LIMETOKA

ZEFIRINI